Ng'ombe wa Saa Nane

Uvumilivu wangu uliishia kwenye kiti cha plastiki, safu ya tatu, katika ukumbi mmoja wa mikutano Nyasubi, Kahama, mtoto akiwa amelala mgongoni. Mwenyekiti wa kamati ya mashindano alikuwa anatusomea kanuni mpya za msimu. Akafika kipengele cha tisa: dereva wa kike mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili hataruhusiwa kuendesha mbio za saa sita mfululizo. Mtu mmoja wa nyuma akauliza sababu.

Mwenyekiti akavua miwani, akatabasamu. "Si mnakumbuka Kishapu mwaka jana? Maziwa yalimpanda mwenzetu kichwani, akawafuata wenye maziwa wenzake."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata Deo alicheka, Deo niliyepokezana naye gari misimu mitano.

Nikasimama. Minza akaamka mgongoni, akaanza kulia. Nikamwacha alie.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Minza. Usichukie, tunataniana tu."

"Nina swali moja. Saa nane ya Kishapu, kwa saa yako hiyo ya mkononi, huwa inafika saa ngapi?"

Mwenyekiti akavaa miwani yake tena. "Kaa chini, mama. Mtoto analia."

"Analia kwa sababu ana akili," nikasema, nikatoka.

Nilitembea hadi nyumbani bila kuona njia, nikachukua daftari, nikaanza kuandika haya. Mimi nimestaafu. Mkono wangu wa kushoto haushiki usukani zaidi ya nusu saa, na daktari amesema hautashika. Wenzangu wanastaafu na mvi, mimi nimestaafu na nepi. Nawaandikia ninyi mnaoingia, na hasa wewe Kabula, uliyerithi kiti changu. Leo huna mtoto. Kipengele cha tisa kinakusubiri.

Mambo ya mshahara siandiki. Vikombe navyo viko kwenye kabati la tajiri wetu, muuza vipuri wa Kahama, nendeni mkavitazame huko. Nitaandika kazi.

Nilijifunza gari Nkome. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kunyamazisha watu nyumbani, mama mkubwa akanikabidhi kirikuu yake, kale kapikapu kadogo kanakobeba kuliko uwezo wake. Kazi ilikuwa kupeleka dagaa wakavu Geita mjini. Dagaa ukiwarusharusha kwenye makorongo wanafika wamekuwa unga, na unga wa dagaa hununuliwa na wafuga kuku tu. Mama mkubwa alikaa pembeni yangu mwezi mzima, mkono mmoja dirishani, sikio nyuma kwenye magunia.

"Unaendesha kama umeiba," alikuwa akiniambia. "Gunia likilia huko nyuma, na mimi nalia."

Kweli magunia yalikuwa yanalia. Ukikanyaga breki ghafla unasikia mlio kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Nikajifunza kupunguza mwendo kabla ya shimo, kuliacha gari lijishushe lenyewe, kukata kona mara moja bila kuusahihisha usukani. Sikujua kama huo ni ufundi. Nilidhani ni kumwogopa mama mkubwa.

Siku moja breki zikaanza kupiga kelele, nikapeleka gari kwa fundi Geita. Fundi huyo alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Kigoma, aliyeendesha malori makubwa ya mgodini miaka mingi kabla ya kufungua gereji yake. Akafungua gurudumu, akashika zile pedi za breki, akazigeuza.

"Hizi umebadilisha lini?"

"Sijawahi kubadilisha."

"Gari unalo muda gani?"

"Mwaka wa tatu huu."

Akanitazama. "Nani analiendesha?"

"Mimi."

"Acha utani, binti. Kwa barabara ya Nkome? Hizi zilitakiwa ziwe zimekufa mara nne." Akafunga gurudumu, akajifuta mikono. "Panda. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Tukaenda na kurudi, kisha akasema anaandaa gari la mbio na anatafuta dereva wa pili. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa asiyejua: mbio zetu ni za kuzunguka njia moja ya vumbi kwa saa sita, gari moja, madereva wawili wanaopokezana. Mwenye raundi nyingi saa ya mwisho ndiye mshindi. Gari ni la kawaida la milango miwili, limevuliwa kila kitu ndani likawekewa mabomba ya chuma ya kukulinda likipinduka. Ndani ni joto la tanuri. Mwenye kasi ya kutisha huwa hamalizi, kwa sababu gari humfia saa ya nne. Anayemaliza ni yule anayeendesha kama amebeba dagaa.

Siku ya kwanza kazini sikuwasha injini. Mzee Hamisi alituweka mimi na Deo uwanjani, gari limezimwa, tukafanya kazi ya kupokezana tu. Deo anafungua mikanda, anatoka, mimi naingia, yeye ananifungia mikanda, anagonga paa mara mbili. Tena. Tena. Jua la Geita mnalijua. Tulipofika mara ya arobaini, Deo akasema, "Mzee, kwani tunafundishwa kuingia chooni?" Mzee akamjibu, "Ukichelewa chooni unajichafua peke yako. Hapa unamchafua na mwenzako. Tena."

Tatizo lilikuwa urefu. Deo ni mlingoti, mimi miguu haikufika kwenye breki, na kiti cha gari la mbio hakisogezwi, kimefungwa kwa bolti. Nikaenda Nyasubi kwa fundi magodoro, nikamwomba anichongee sponji la kuingia ndani ya kile kiti, linijae mgongoni na kiunoni, juu alishonee turubai. Akalipima, akaligeuza. "Dada, hili ni godoro la nani? La mbuzi?" Tangu siku hiyo timu nzima ililiita Mbuzi. Deo akitoka mimi naingia na Mbuzi wangu mkononi, sekunde tatu. Nilipojifungua Minza nyonga zikabadilika, nikarudi kuchongewa lingine. Fundi akasema, "Mbuzi amenenepa." Kabula, usikubali kuendesha kwenye kiti cha mwenzio eti kwa sababu unaona aibu kuomba. Mguu usiofika kwenye breki haujali kama una adabu.

Kitu cha pili alichonipa Mzee Hamisi ni daftari. Alikuwa na desturi moja ambayo madereva wa timu nyingine waliicheka: siku moja kabla ya mbio lazima uizunguke njia yote kwa miguu, na kila inapokatiza njia ya watu au ya ng'ombe unasimama, unasalimia, unauliza.

"Hii njia si yetu," aliniambia. "Tumeazimwa kwa saa sita. Aliyekuazima kitu unakwenda mwenyewe kumwona. Humtumii mtu."

Kishapu ndiko desturi hiyo ilikokuwa na maana kuliko kote. Mbio zinafanyika kiangazi, pamba imeshavunwa, nchi imekauka kabisa, na njia yetu inakatizwa na njia ya ng'ombe wanaokwenda kunywa lamboni. Pale penye kivuko walikaa sungusungu, walinzi wa kijiji, na bendera nyekundu na filimbi; bendera ikisimama ng'ombe wanazuiliwa. Kamanda wao ni Mzee Ng'wandu. Mara ya kwanza nilimkuta ameketi juu ya kigoda anachonga mpini wa jembe.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, yaani mama kwa Kisukuma. "Umetumwa na dereva?"

"Dereva ni mimi."

Akaitazama miguu yangu, kwa makini kabisa, kama anayepima ndama mnadani. "Inafika chini?"

"Kuna godoro."

Alicheka hadi mpini ukamwanguka. Kisha tukazungumza kazi. Mbio zinaanza saa mbili asubuhi, zinaisha saa nane mchana. Kwa kawaida ng'ombe wake na wa jirani zake hunywa saa sita. Akakubali wazuiliwe saa mbili zaidi, kwa heshima. Akanyoosha kidole.

"Lakini saa nane bendera inashuka. Ng'ombe wa kiangazi mwenye kiu hajui mashindano, mayu. Akiisikia harufu ya maji humrudishi. Saa nane na dakika moja usinilaumu."

Nikaandika kwenye daftari: *Lambo. Ng'ombe. Saa nane.* Misimu minne nikaenda kwake kila mwaka, nikasalimia, tukarudia maneno yale yale, tukapeana mikono. Misimu minne bendera ilishuka saa nane, sisi tumeshazima injini, na tunaona vumbi la ng'ombe likielekea lamboni. Wabeja, baba, nilikuwa nikimwambia. Sikujua kama nilikuwa namshukuru kwa uhai wangu.

Jambo lingine liandike, Kabula: pale kivukoni simu haishiki. Kuna kichuguu kimoja kikubwa, hatua kama sitini kutoka njiani, ukipanda juu yake unapata mtandao, ukishuka umepotea. Vijana wa kijiji wamekichonga ngazi.

Niliendesha na kwingine. Mara mbili tulikwenda nchi jirani kwenye uwanja wa lami, magari ya maana, watu wa maana, vyoo vyenye maji ya moto. Nilimaliza zote mbili. Lami inakusamehe, inakueleza mapema kwamba tairi linakuacha. Changarawe haikuelezi, unaisikia kwenye makalio wakati umeshachelewa. Jioni tulipotoka uwanja ule Mzee Hamisi akaniuliza nimeuonaje. Nikamwambia hauna mtu wa kumsalimia. Akafurahi kuliko siku zote nilizoshinda. Mwaka uliofuata alirudi Kigoma kupumzika, na sisi tukabaki na Mwenyekiti.

Sasa mwaka jana.

Minza alikuwa na miezi saba. Mama yangu alikuja naye Kishapu, nikawa nanyonyesha kwenye hema la timu. Daktari aliniruhusu kuendesha, karatasi ninayo. Jana yake nilizunguka njia kwa miguu kama kawaida. Mzee Ng'wandu akataka kumwona mtoto, nikamwahidi baada ya mbio. Tukakubaliana saa nane.

Asubuhi, saa mbili ikafika, magari yamepangwa, mgeni rasmi hayupo. Saa mbili na nusu hayupo. Saa tatu tukaambiwa yuko njiani. Jamani, mnaijua "yuko njiani" ya mgeni rasmi. Alifika saa nne kasoro, akahutubia, akapunga bendera saa nne na dakika chache. Kwa hiyo mbio zingeisha saa kumi, si saa nane.

Nilikuwa nimeliona hilo tangu saa tatu. Nilimfuata Mwenyekiti hemani kwake, mtoto yuko kwenye ziwa, nikamwambia, "Mwenyekiti, kule lamboni wanajua saa nane. Lazima mtu aende akawaambie."

"Nimeshapiga simu."

"Kule simu haishiki."

"Mama Minza." Akashusha sauti, ile sauti ya kumwongelesha mgonjwa. "Wewe mnyonyeshe mtoto. Mambo ya barabara tuachie wenyewe. Nimesema nimeshapiga."

Deo alikuwa amesimama pembeni yangu, helmeti kwapani. Alisikia kila neno.

Na mimi nikarudi hemani. Hapo ndipo ninapojichukia. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na miguu. Ningempa mama mtoto, nikaenda mwenyewe, kama nilivyofundishwa. Nilimwamini mtu aliyesema amepiga simu mahali nilipojua mimi kwa miguu yangu kwamba simu haifiki. Basi kosa langu ni hilo, nalikubali mbele yenu wote, na halimo kwenye taarifa yao.

Deo aliendesha zamu yake, mimi yangu, Deo akarudi, mimi nikaingia tena saa saba na robo. Tulikuwa wa pili. Gari lilikuwa zima, breki nzuri, mwili mwepesi. Sikuwa na uchovu wowote. Raundi baada ya raundi napita kivukoni naiona bendera nyekundu imesimama, Mzee Ng'wandu ananipungia. Ndani ya gari sina saa; nikadhani saa nane imeshapita, nikasema moyoni, kumbe simu ilifika.

Raundi iliyofuata nilipanda kile kilima kabla ya lambo, nikatokea juu. Bendera haipo. Mbele yangu barabara yote ni migongo na pembe.

Sikupata muda wa kuogopa. Nilikanyaga breki kwa namna ambayo mama mkubwa angelia, nikaona kulia kuna mchungaji na fimbo yake, mtu mzima mwenye koti, kushoto kuna uwazi. Nikaenda kushoto. Ng'ombe mmoja, mtamba mweusi, akageukia huko huko, nikamgonga na ubavu wa gari. Kisha mabua ya pamba, kisha kichuguu. Kile kile cha kupigia simu.

Gari lililala ubavu. Nilisikia filimbi, nikasikia mwano, yowe la Kisukuma la kuita watu, halafu mikono ikanivuta dirishani. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaangalia upande usiofaa. Aliyenivuta alikuwa Mzee Ng'wandu. Kofia imemwanguka.

"Mayu," alisema. "Tulisubiri mpaka saa nane. Kama ulivyosema."

Kama ulivyosema. Hakuna kitu kilichoniuma kama hicho, wala mfupa.

Nyuma yake yule mtamba alikuwa anajaribu kusimama kwa miguu ya mbele tu. Wakamchinja pale pale. Walionizunguka hakuna hata mmoja aliyenitukana.

Nilikaa hospitali, nikafanyiwa upasuaji wa mkono, kamati ikafanya uchunguzi bila kunihoji. Taarifa ikatoka. Chanzo cha ajali, nanukuu kama ilivyoandikwa: "uchovu wa dereva unaotokana na kunyonyesha." Basi. Hakuna mgeni rasmi, hakuna saa nne, hakuna saa nane. Mzee Ng'wandu hayumo. Hata ng'ombe ameandikwa "kizuizi."

Nilinyamaza miezi. Baba Minza anafanya kazi ya zamu mgodini, akirudi ananikuta naitazama karatasi hiyo. "Acha," alikuwa akisema, "mkono upone kwanza." Niliacha. Mpaka kipengele cha tisa.

Kesho yake baada ya mkutano ule nilikwenda kwa Deo. Nilimkuta anaosha pikipiki.

"Deo, ulikuwepo. Niandikie mistari miwili tu."

Akaendelea kusugua gurudumu lililokwisha kutakata. "Mama Minza, mimi bado naendesha."

"Najua."

"Ningekuwa nimestaafu kama wewe..."

"Sijastaafu, Deo. Nimestaafishwa na simu isiyopigwa. Wewe endesha. Mwaka huu ukipanda kile kilima, kumbuka kuangalia bendera."

Nikaenda stendi, nikapanda gari la Kishapu, Minza mgongoni. Mzee Ng'wandu alinipokea kwa vicheko, akampakata mtoto aliyeahidiwa mwaka mzima, akamwita mchumba wake. Nikamweleza nilichofuata. Akamrudisha mtoto kwangu. Akamwita katibu wa sungusungu alete kidau cha wino wa kutia dole gumba.

Barua hii nimeipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikasubiri mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Isomeni.

*Afisa Michezo wa Mkoa.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TAARIFA YA AJALI, MBIO ZA SAA SITA, KISHAPU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*1. Mimi ni dereva mstaafu niliyepata ajali katika mbio zilizotajwa. Kamati haikunihoji. Haikumhoji pia kamanda wa sungusungu wa kivuko cha lambo.*

*2. Mbio zilipangwa kuanza saa mbili na kuisha saa nane. Wenye ng'ombe walikubali kuzuia mifugo hadi saa nane na walitimiza. Mbio zilianza saa nne kwa sababu ya kumsubiri mgeni rasmi.*

*3. Nilimwomba Mwenyekiti atume mtu kivukoni. Alijibu kwamba amepiga simu. Kamanda anathibitisha kuwa hakuna simu wala mtu aliyefika. Aliona magari bado yanapita, lakini hakuna aliyemweleza mbio zitaisha lini, na ng'ombe hawakuzuilika tena.*

*4. Ni kweli nilikuwa nanyonyesha. Nilimnyonyesha mtoto saa tatu asubuhi, katika muda ambao kamati ilikuwa inamsubiri mgeni. Naambatanisha cheti cha daktari kilichoniruhusu kuendesha.*

*5. Naambatanisha pia ukurasa wa daftari langu wenye saa ya makubaliano, na alama ya dole gumba ya kamanda chini yake.*

*6. Naomba kipengele cha tisa cha kanuni mpya kifutwe kabla ya msimu kuanza. Naomba iandikwe kanuni kwamba muda wa kuanza ukibadilika, Mwenyekiti mwenyewe atakwenda kila kivuko na kurudi kabla ya bendera kupungwa.*

*7. Naomba mstari unaosema "uchovu wa dereva unaotokana na kunyonyesha" uondolewe katika taarifa, na mahali pake paandikwe hivi: "Sisi tulichelewa saa mbili. Ng'ombe walifika kwa wakati."*

*Wako,*
*Mama Minza, dereva.*